Jina Kabla ya Cheti: Utangulizi

Kila mwisho wa mwezi, katika vituo vya afya vya Buguruni, Dar es Salaam, kama ilivyo kwingine nchini, vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, hufunuliwa, mistari huhesabiwa na jumla zake huingizwa kwenye DHIS2: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. DHIS2 ni programu huria iliyoandikwa kwa Java. Muuguzi anayejaza takwimu hana sababu ya kujua seva inaendeshwa na nini. Fundi wa seva ndiye anayeamua ni Java ipi iwekwe humo, na kitu cha kwanza anachokiona ni jina la toleo. Taaluma ninayokukaribisha inaanzia hapo: toleo la programu huria liitweje wakati kazi imekwisha lakini cheti cha kiwango hakijapatikana?

Mama anayesaga karanga na kupeleka siagi yake soko la Buguruni anaweza kuandika kwenye kopo jina lake, uzito na tarehe. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, haibandikwi mpaka sampuli zipimwe. Kwenye programu mpaka huo umefifia, kwa sababu mara nyingi jina lenyewe ndilo alama.

Mfano ulio bora kuliko yote ni Harmony, mradi wa Apache Software Foundation ulioanza mwaka 2005 kwa lengo la kutengeneza Java iliyo huria kabisa. Ili kutambuliwa kuwa imetimiza kiwango, ilibidi ifaulu majaribio yaliyokuwa mikononi mwa Sun Microsystems. Sun ilitoa majaribio hayo kwa masharti yaliyobana matumizi ya programu, na Apache ikaona masharti hayo hayakai pamoja na leseni yake. Aprili 2007 ikaandika barua ya wazi kwa Sun. Mwafaka haukupatikana, na Desemba 2010 Apache ikajitoa kwenye kamati tendaji ya chombo kinachosimamia viwango vya Java.

Muda wote huo watengenezaji waliendelea kutoa matoleo, nayo majina yake yanastahili kutazamwa herufi kwa herufi: 5.0M1, 5.0M2, hadi 5.0M15. Tarakimu za mwanzo zinataja kiwango kilicholengwa. M inasema hii ni hatua ya njiani, si toleo kamili. Nayaheshimu sana majina haya. Walioyatunga wangeweza kuandika 5.0 tupu, na watu wengi wangeamini.

Hata hivyo yana kasoro moja, na ndiyo inayonifanya niipende taaluma hii. Toleo linaweza kupungukiwa kwa namna mbili: programu yenyewe haijakomaa, au imekomaa ila mtahini hajaipitisha. Beta hueleza upungufu wa kwanza. Kwa ule wa pili hatuna alama iliyozoeleka, kwa hiyo M hubebeshwa yote mawili. Fundi wa Dar es Salaam hana majaribio rasmi wala njia ya kuyapata. Akiona M hajui kama aogope seva kuzimika usiku au ni karatasi tu inayokosekana. Hayo ni maamuzi mawili tofauti kabisa, na naamini jina lina wajibu wa kuyatenganisha.

Wengine walikwepa kwa kubuni jina jipya. Mwaka 2007 Red Hat iliziba kwa msimbo huria sehemu za OpenJDK, Java huria ya Sun, zilizokuwa bado zimefungwa, ikauita mradi huo IcedTea, jina lisilogusa alama ya biashara ya Sun. Juni 2008 kazi hiyo, ikiwa ndani ya mfumo wa Linux wa Fedora 9, ilifaulu majaribio ya Java SE 6. Linux nayo imeishi miaka yote bila jina la UNIX, linalomilikiwa na The Open Group. Matoleo yake mengi hayajawahi hata kuomba cheti.

Harmony ilifungwa Novemba 2011, cheti hakijapatikana. Lakini maktaba zake zilikuwa zimekwisha kuingia ndani ya Android, zikabaki humo mpaka Google ilipohamia OpenJDK katika Android 7, mwaka 2016. Simu za Android zilizouzwa madukani Buguruni miaka ile zilibeba msimbo uliotoka kwenye mradi ambao haukuwahi kuvuka herufi M.