Tsunami na laga: niliyoyaona njia ya Kakuma

Nilikwenda Lodwar kumtazama mpwa wangu anayefanya kazi huko, na siku ya tatu tukapanda gari kwenda Kakuma, safari ya kilomita kama 120. Katikati ya njia dereva akasimama. Mbele yetu kulikuwa na laga, mto wa msimu, mchanga mtupu mkavu kama ufuo wakati wa maji kupwa. Jua lilikuwa la utosi na mbinguni hamna hata kipande cha wingu. Dereva akasema tungoje, mwenzake aliye upande wa milimani amempigia simu kwamba huko mvua imenyesha. Nilidhani anatania. Haikupita nusu saa, maji mekundu yakaja kwa kishindo yakiviringisha miti mizima. Wallahi, lau tungevuka pale aliposimama, habari yetu ingekuwa nyengine.

Mimi mtu wa Pwani, nilichofikiria pale kando ya barabara ni Disemba 2004.

Wanaokumbuka wanajua. Tetemeko lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra tarehe 26, siku ya Jumapili, saa kumi kasoro dakika mbili za alfajiri kwa saa zetu. Sisi tulikuwa tumelala. Mawimbi yakavuka Bahari Hindi yote na kutufikia mchana. Kenya alifariki mtu mmoja. Tanzania walifariki watu kama kumi, na Somalia karibu 300, wengi wao huko Hafun na vijiji vya jirani. Hapa kwetu polisi waliwahi kuondoa watu ufuoni kwa sababu habari za Asia zilikuwa zimeshaenea, na Mungu akajaalia maji yalikuwa yamekupwa. Lakini hebu fikirini: Somalia nao walikuwa na saa kadhaa baina ya tetemeko na wimbi. Saa zilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kuwaambia.

Laga na tsunami basi ni ndugu. Hatari inaanzia mbali, mahali usipopaona, na inakujia huku kwako kumetulia. Mto Turkwel unaopita Lodwar unaanzia Mlima Elgon. Tarach, laga ya Kakuma, inateremka kutoka milima ya upande wa mpaka wa Uganda. Kumtazama mbinguni hakumsaidii mtu wa Kakuma, kama vile kutazama bahari hakukutusaidia sisi asubuhi ile. Anahitaji mtu wa huko juu aone, wa katikati apokee, na wa hapa chini apige kelele. Kwetu njiani, kazi hizo tatu zilifanywa na madereva wawili na simu moja.

Serikali nayo inazo kazi hizo hizo, ila zimegawanywa kwa idara nyingi. Tuanze na bahari. Baada ya 2004, nchi za Bahari Hindi zilijenga mfumo wa pamoja chini ya UNESCO. Tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia ndivyo vinavyopima tetemeko, vinakisia wimbi na kutuma taarifa kwa kila nchi. Kenya inayoipokea ni Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, Nairobi. Watafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, wako hapa hapa Mombasa, na mitambo ya kupima kina cha maji imewekwa Mombasa na Lamu. Jambo wengi hawalijui ni kwamba vituo vile vya nje havina amri ya kumwambia mwananchi akimbie. Hiyo ni kazi ya serikali ya nchi yenyewe. Taarifa ikifika Nairobi, lazima ipite kwenye kituo cha kitaifa cha shughuli za maafa, kwa makamishna wa kaunti, polisi, bandari, walinzi wa pwani, halafu vikundi vya wavuvi vya BMU. Kila mkono ni dakika.

Mfumo huu ulipata mtihani mapema. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko la 8.6 lilitokea tena upande wa Sumatra, tahadhari ikatolewa kwa nchi za bahari yetu, na siku hiyo hiyo ikaondolewa kwa kuwa wimbi kubwa halikuja. Alhamdulillahi. Ila mtihani wa wimbi lisilokuja haukuonyeshi yule mtu wa mwisho angefikiwa au la.

Sasa turudi Turkana, maana huko nilikuta kitu cha kuonewa wivu. Ukame wao una mwenyewe. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ina sheria yake ya 2016 na maafisa walioketi kaunti hizo. Kila mwezi wanakusanya habari nyumbani kwa wafugaji: mifugo inatembea umbali gani kufuata maji, maziwa yanayonywewa ni kiasi gani, mbuzi mmoja ananunua mahindi mangapi, mkono wa mtoto una unene gani. Wanaongeza picha za setilaiti zinazoonyesha majani yalivyo. Halafu inatolewa taarifa kwamba kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari, dharura au ahueni.

Na neno hilo moja lina kazi. Linaletwa kwenye kikao anachoketi kamishna, watu wa gavana, afya, maji, mifugo, hali ya hewa, Msalaba Mwekundu na mashirika. Ukame ukizidi, mpango wa pesa za kuzuia njaa, HSNP, unaongeza familia zinazolipwa. Sisemi njaa imekwisha Turkana, la hasha. Tumeona mizoga ya ng'ombe kwenye runinga mwaka baada ya mwaka. Nasema wanajulikana wanaoketi, na wanajuana kabla ya balaa kufika. Afisa wa mifugo hamuulizi wa maji jina lake siku ya msiba.

Mafuriko huko hayana meza kama hiyo. Laga inashuka kwa saa, na taarifa ya mwezi haimfai mtu aliyejenga kando ya Kawalase pale Lodwar. Na Kakuma kuna shida ya lugha. Kambi ile ipo tangu 1992, na ndani yake kuna Wasomali, Wasudan Kusini, Wakongo, Waethiopia, Warundi. Onyo la Kiingereza kwa simu litamfikia nani? Ndiyo maana huko wanawategemea viongozi wa mitaa, misikiti, makanisa na redio. Sisi tunadhani hatuna shida hiyo kwa sababu tuna Kiswahili, tukawasahau wavuvi waliolala dago visiwani bila mtandao, na watalii wasiojua hata maana ya neno kimbia.

Na hili ndilo lililonikereketa njia nzima ya kurudi. NDMA haiko Turkana peke yake. Inafanya kazi katika kaunti 23 kame, na ndani yake zimo Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu. Kaunti hizo zina kikao kile kile, na mkurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti. Kisheria mamlaka hiyo ni ya ukame, sawa. Lakini watu wanaoketi ni wale wale ambao tsunami itawahitaji. Ni kuongeza tu BMU, bandari, mahoteli na maimamu, na kuliweka suala la bahari kwenye ajenda japo mara mbili kwa mwaka. Mombasa, ambayo haimo kwenye zile 23, itahitaji kuanzisha kikao chake.

Maimamu nimewataja kwa makusudi. Msikiti una kipaza sauti, kina mtu saa ya alfajiri, na watu wanaiamini sauti yake. Niliporudi nilimuuliza imamu wa mtaani kwetu kama amewahi kuambiwa na ofisi yoyote afanye nini likija onyo la bahari. Akacheka, akaniuliza yeye: "Wewe mwandishi, unayo nambari ya kumpigia mtu wa hali ya hewa?" Sikuwa nayo. Tumekubaliana twende pamoja Jumatatu ofisi ya kaunti kuitafuta.