Pedi za Kotex zilianzia vitani

Kila tunapozungumzia hedhi kwenye vipindi vyetu, wasikilizaji hutuuliza: hizi pedi za dukani zilianzia wapi? Pedi za Kotex, kwa mfano, zilianzia vitani.

Mwaka 1872, wafanyabiashara wanne wa mji wa Neenah, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, walianzisha kampuni ya Kimberly-Clark. Mwanzoni ilitengeneza karatasi za magazeti kwa kutumia matambara. Baadaye wataalamu wake walipata malighafi laini kama pamba, iliyotokana na nyuzi za miti, wakaiita Cellucotton. Ilinyonya majimaji mara tano zaidi ya pamba, tena kwa nusu ya gharama.

Marekani ilipoingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Cellucotton ilitumika kufungia majeraha ya askari. Wauguzi wakaona inawafaa na wao wenyewe wakati wa hedhi. Vita ilipokwisha, mahitaji ya bandeji yalipungua, na kampuni ikalifuata wazo la wale wauguzi. Mwaka 1920 ikaanza kuuza pedi za Kotex.

Kikwazo kikawa aibu. Wanawake wengi hawakuweza kumtamkia muuza duka mwanamume wanachotaka. Basi madukani vikawekwa visanduku viwili: kimoja cha pedi, kingine cha kutumbukizia senti 50. Mteja analipa, anachukua, anaondoka bila kusema neno.

Hata tishu za Kleenex, zilizotoka mwaka 1924, zilikuwa za kuondolea vipodozi usoni. Wateja ndio walioiandikia kampuni kwamba wanapengea mafua, nayo ikabadili matangazo yake.

Huku kwetu, Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019, serikali ikieleza kwamba bei hazikumshukia mnunuzi.

Kwa binti wa kijijini, bei bado ni mzigo. Lakini aibu ile ya miaka 100 iliyopita nayo ipo: pedi bado hufungwa kwenye gazeti kama kitu cha wizi. Hilo halihitaji bajeti ya serikali. Baba, ukienda gulioni, mnunulie binti yako pedi kama unavyomnunulia daftari. Na wewe mwenye duka, akija kununua, mhudumie bila kumcheka.