Nani Alichagua Vitabu 27 vya Agano Jipya?

Tarehe 17 Julai mwaka 180, mjini Kartago katika nchi ambayo leo ni Tunisia, kikundi cha Wakristo kutoka mji mdogo wa Scillium kilisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi, Saturninus. Walikuwa watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake. Liwali aliwataka waape kwa roho mlinzi wa kaisari, wakakataa. Kisha akaona wana kikasha, akauliza ndani yake mna nini. Msemaji wao, Speratus, akajibu kuwa mna vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Liwali akawapa siku 30 wakafikiri, wakazikataa. Siku hiyohiyo watu 12 waliuawa kwa upanga.

Kumbukumbu ya kesi hiyo ipo mpaka leo, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo katika Kilatini. Ila kikasha cha Speratus hakikuwa na Agano Jipya kama linavyojulikana sasa. Wakati ule kanisa lilikuwa halijatoa orodha moja ya vitabu iliyokubaliwa kila mahali. Orodha hiyo ilipatikana vipi, na nani aliyeiamua?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu Nikea mwaka 325, wakapiga kura, vitabu vingine vikapita na vingine vikatupwa. Si kweli. Mtaguso wa Nikea ulishughulikia fundisho la Ario kuhusu Mwana wa Mungu, tarehe ya kuadhimisha Pasaka na nidhamu ya kanisa. Kanuni 20 ulizopitisha hazina orodha ya vitabu vya Biblia. Kazi ya kuvitambua ilikuwa imeanza miaka mingi kabla ya Konstantino kuzaliwa, na ilifanyika pale Wakristo walipokutana kusali.

Paulo aliandika nyaraka zake katikati ya karne ya kwanza, kila waraka kwa watu fulani wenye matatizo yao: ugomvi Korintho, hofu Thesalonike, mtumwa Onesimo aliyerudishwa kwa bwana wake Filemoni. Barua hizo zilisomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Kanisa moja likimaliza, jirani aliomba nakala, na Waraka kwa Wakolosai wenyewe unaagiza usomwe pia kwa Walaodikia. Kufikia karibu mwaka 150, Yustino Mfiadini alieleza ibada ya Jumapili huko Roma: kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii husomwa kadiri muda unavyoruhusu, kisha kiongozi hutoa mawaidha. Kitabu kilijipatia heshima kwa kusomwa hivyo, wiki baada ya wiki, mji baada ya mji.

Aliyelilazimisha kanisa kulitazama jambo hili kwa makini alikuwa tajiri wa meli kutoka Sinope, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Marcion alifika Roma na kulipa kanisa la pale sadaka kubwa ya sesta 200,000. Alifundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba yake Yesu Kristo, kwa hiyo maandiko yote ya Kiyahudi yawekwe kando. Akabaki na Injili moja, ya Luka, tena aliyoipunguza mwenyewe, pamoja na nyaraka kumi za Paulo. Mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga na kumrudishia fedha zake. Hata hivyo swali lake halikuondoka naye. Kama orodha ya Marcion si sahihi, iliyo sahihi ni ipi?

Karibu mwaka 180 Ireneo, askofu wa Lyon, alishikilia kwamba Injili ni nne, si pungufu wala zaidi. Ireneo alikuwa na hoja ya ukoo wa imani: ujanani alimsikiliza Polikarpo wa Smirna, ambaye alisimulia jinsi alivyoishi na watu waliomwona Bwana. Kwake yeye, mafundisho ya mitume yalipokewa hadharani, kutoka kwa mtu hadi mtu. Injili ya siri isiyojulikana katika makanisa ya kale haikuwa na ukoo huo.

Namna kipimo hicho kilivyotumika inaonekana vizuri katika kisa cha Serapion, askofu wa Antiokia mwishoni mwa karne ya pili. Alipoutembelea mji wa Rhossus aliwakuta waumini wana kitabu kinachoitwa Injili ya Petro. Aliwaruhusu wakisome, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajakipitia. Baadaye alisikia minong'ono, akatafuta nakala, akaisoma. Aliona sehemu kubwa haina tatizo, lakini kulikuwa na nyongeza zilizowafaa watu waliodai kwamba Yesu alionekana tu kuwa na mwili. Akaandika barua ya kubatilisha ruhusa yake. Kipande cha injili hiyo kilifukuliwa Akhmim, Misri, katika karne ya 19. Humo Yesu msalabani yuko kimya kana kwamba hasikii maumivu.

Katika kisa hicho kidogo yanaonekana maswali ambayo makanisa yaliuliza. Je, kitabu kimetoka kwa mtume au mtu wa karibu naye? Je, kinapatana na imani iliyopokewa? Je, makanisa mengi yanakisoma?

Februari 303 Kaisari Diokletiano aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Mwezi Mei mkuu wa mji wa Cirta, katika Algeria ya leo, aliingia nyumba ya ibada na karani wake, na orodha ya vitu vilivyokamatwa imesalia: vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, kanzu 82 za kike. Kabati za vitabu zilikutwa tupu. Mashemasi wadogo wawili, Catullinus na Marcuclius, walitoa kitabu kimoja kikubwa, lakini walipoulizwa wasomaji wenye vitabu vingine wanaishi wapi, walisema wao si wasaliti, bora wauawe. Waliwekwa chini ya ulinzi, msako ukaendelea nyumba kwa nyumba. Felix, fundi wa kunakshi sakafu, alitoa vitabu vitano, Victorinus vinane, mke wa Coddeo sita. Kwa hofu ya namna hiyo, Mkristo alilazimika kujua kitabu kipi anaweza kumkabidhi askari na kipi hakikabidhiki kamwe.

Hata baada ya mateso, mipaka haikuwa wazi kila mahali. Mwanahistoria Eusebio wa Kaisaria aliandika kwamba Waraka wa Yakobo, wa Yuda, wa pili wa Petro, pamoja na wa pili na wa tatu wa Yohane, bado zilikuwa na wapinzani. Ufunuo aliuweka katika mashaka. Kodeksi ya Sinai, Biblia ya Kigiriki ya karne ya nne ambayo sehemu yake kubwa iko London, ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo.

Ndipo inapokuja barua ya mwaka 367. Kila mwaka askofu wa Aleksandria aliyaandikia makanisa ya Misri kuyatangazia tarehe ya Pasaka. Safari hiyo Atanasi, mzee aliyekwisha kufukuzwa jimboni mwake mara tano, aliongeza orodha ya vitabu. Kwa Agano Jipya alitaja 27, vilevile vilivyomo leo, na hii ndiyo orodha ya kwanza inayojulikana kulingana navyo kikamilifu. Sinodi za Afrika Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Kartago mwaka 397, zikathibitisha vitabu hivyohivyo, mwanateolojia Augustino akiwa miongoni mwa waliohudhuria. Syria ilichelewa: Biblia yake ya kale, Peshita, ilikuwa na vitabu 22 tu vya Agano Jipya.

Orodha hiyo huitwa Kanuni. Neno lenyewe lilianzia katika Kigiriki, likimaanisha ufito wa kupimia, likapita katika Kiarabu hadi Kiswahili. Lafaa, kwa kuwa maaskofu wa Hippo na Kartago walipima vitabu vilivyokuwa vikisomwa tayari. Hawakuvipa uhai kwa kura.

Tofauti zilizobaki kati ya makanisa makubwa ziko hasa katika Agano la Kale. Ndiyo maana Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66, huku Kanisa la Tewahedo la Ethiopia likihesabu 81. Lakini Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana na Mpentekoste wakifungua ukurasa wa yaliyomo na kuhesabu kuanzia Mathayo hadi Ufunuo, wote watapata 27, na miongoni mwavyo zimo nyaraka za Paulo, alizozitaja Speratus mbele ya liwali.