Mtoto Akiitwa Shule ya Nairobi

Jina kubwa la shule ya Nairobi likitajwa, wengi wetu tunaanza harambee mara moja. Ngojeni kwanza. Mtoto atalala wapi?

Shule ya kutwa ya serikali inaonekana rahisi, kwa sababu serikali ndiyo hulipia masomo. Lakini mtoto akikaa kwa shangazi yake Kayole na shule iko Westlands, atapanda matatu mbili asubuhi na mbili jioni. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na giza linamkuta stejini. Basi mmoja wenu asafiri naye siku moja, saa ile ile ya asubuhi, ahesabu pesa na muda. Na shangazi aulizwe vizuri, maana wengine hukubali kwa haya tu.

Bweni nalo? Mwongozo wa 2015 uliweka karo ya shilingi 53,554 kwa mwaka kwa shule za bweni. Godoro na sare ni juu yenu.

Tena, tangu 2026 mwanafunzi wa gredi ya 10 anafuata mkondo aliouchagua: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mwulizeni mwalimu mkuu kama masomo ya mtoto yanafundishwa pale, mwone na maabara kwa macho, kabla kikundi hakijatoa hata senti.