Urubani: Leseni si ajira, wazazi wapige hesabu kabla ya kulipa ada

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

NDEGE zinazokwenda kutua Kipawa zikitokea upande wa bahari hupita juu ya mapaa ya Kariakoo, na wapo vijana katika mitaa ya Kongo, Aggrey na Msimbazi waliokua wakizitazama na kuapa kwamba siku moja wataziendesha wao.

Ndoto hiyo ilipata nguvu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuifufua Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) kwa kununua ndege mbili aina ya Bombardier Q400. Mwaka 2018 ziliwasili Boeing 787-8 na Airbus A220-300, na mwaka 2023 zikafuata Boeing 767 ya mizigo na Boeing 737 MAX 9.

Kwa kuwa ndege moja huhitaji marubani wa zamu kadhaa, wazazi wengi huamini kuwa ajira zipo tele. Hata hivyo, leseni ya kwanza ya biashara haimfikishi mhitimu moja kwa moja kwenye ndege hizo, na hapo ndipo fedha za familia nyingi huweza kukwama.

Afya kwanza, ada baadaye

Hatua ya kwanza haihusu shule bali daktari. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa baada ya kupimwa na daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo makao yake yapo Ukonga, Dar es Salaam.

Hupimwa macho, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo na afya ya akili. Kuvaa miwani peke yake hakumzuii mtu, lakini yapo matatizo yanayoweza kuifunga njia kabisa. Ni busara kulijua hilo kabla ya kulipa ada, si baada ya kumaliza nusu ya masomo.

Aidha, rubani anayefanya safari za kimataifa anatakiwa kufikia angalau ngazi ya nne kati ya sita katika lugha ya Kiingereza, na masomo ya darasani yanahitaji msingi imara wa hisabati na fizikia.

Ngazi tatu za leseni

Tanzania hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO). Ngazi ya kwanza ni leseni ya rubani binafsi, inayohitaji umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Mwenye leseni hiyo haruhusiwi kulipwa kwa kurusha ndege.

Ya pili ni leseni ya biashara, inayohitaji umri wa miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa. Ya tatu ni leseni ya rubani wa mashirika ya ndege, inayohitaji umri wa miaka 21 na saa 1,500. Hii ndiyo humwezesha mtu kuwa nahodha wa ndege kubwa.

Kati ya saa 200 na 1,500 kuna pengo la saa 1,300, na hakuna shule inayolijaza. Kwa kawaida vijana hulijaza kwa kurusha ndege ndogo, mfano Cessna Caravan, zinazopeleka abiria Zanzibar na watalii katika hifadhi kama Serengeti. Nafasi hizo hutegemea msimu wa utalii.

Anayetaka kuingia mapema kama rubani msaidizi wa ndege kubwa hudaiwa mafunzo ya aina mahsusi ya ndege hiyo, ambayo ni gharama nyingine tofauti na ada ya shule.

Mtaji usiokaa ghalani

Mafunzo hadi leseni ya biashara hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, hicho ni kiasi kinachoweza kulipia kilemba cha fremu au kuagiza mzigo kutoka Guangzhou.

Tofauti ni kwamba mzigo usiouzika leo unaweza kusubiri ghalani, lakini leseni huendelea kudai fedha. Cheti cha afya huhuishwa kila mwaka, na rubani asiyeruka kwa siku 90 hawezi kubeba abiria hadi atimize tena idadi ya kuruka na kutua inayotakiwa.

Fedha zikiisha katikati ya kozi, mwanafunzi hubaki na saa kwenye kitabu chake bila leseni. Anayesoma nje, iwe Kenya, Ethiopia au Afrika Kusini, akumbuke pia kwamba leseni ya huko lazima itambuliwe na TCAA kabla ya kuitumia kwenye ndege zilizosajiliwa nchini.

Soko hupanda na kushuka

Historia inaonya pia. ATCL ilinyang'anywa kwa muda cheti cha kuendesha safari mwaka 2008. Fastjet Tanzania, iliyoanza mwaka 2012, ilisitisha safari mwishoni mwa mwaka 2018. Mwaka 2020 janga la Corona liliwarudisha marubani nyumbani duniani kote.

Kwa anayependa anga lakini hana mtaji huo, zipo njia nyingine. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na chuo cha TCAA hufundisha waongozaji wa ndege.

Kwa aliyekwisha kuamua, utaratibu salama ni kupima afya, kuhakikisha TCAA inaitambua shule, kisha kusoma leseni ya rubani binafsi kama kipimo cha uwezo. Ada ilipwe kwa awamu, na familia itenge akiba ya mwaka mmoja au zaidi wa kutafuta kazi. Akiba hiyo isipokuwepo, ni heri kusubiri.