Ng'ombe wa Shirimatunda: faida iko kwenye ununuzi

Katika kata ya Shirimatunda, ndani ya Manispaa ya Moshi, ng'ombe wa maziwa hufugwa uani, hatua chache kutoka jikoni. Kaya yenye ng'ombe mmoja au wawili hukamua asubuhi na jioni, hunywa sehemu, na iliyobaki huwauzia majirani na wenye vibanda vya chai. Biashara hii ikijadiliwa, mazungumzo huishia kwenye bei ya lita: kwamba ni ndogo, kwamba imeganda, kwamba wachuuzi wanafaidi kuliko mwenye ng'ombe. Malalamiko hayo yana msingi, lakini yanaelekeza macho pasipo na dawa. Mfugaji mdogo wa mjini hupata au hukosa faida pale anaponunua, na hapo ndipo ana uwezo wa kubadilisha jambo bila kusubiri uamuzi wa mtu mwingine.

Sababu iko kwenye jiografia ya Mlima Kilimanjaro wenyewe. Juu, mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, ana migomba, na shina la mgomba likikatwakatwa husaidia kuvusha ng'ombe kiangazi. Kwenye kingo za shamba ana majani ya Guatemala au mabingobingo, na wengi wana shamba jingine huku tambarare linalotoa mahindi, maharage na mabua. Samadi hurudi kwenye migomba na kahawa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzunguko huo haipiti mfukoni. Mfugaji wa Shirimatunda amerithi ng'ombe wa mfumo huo bila kihamba chake. Kwenye kiwanja cha mjini karibu kila kitu ni cha kulipia: majani, mabua, pumba, mashudu, chumvi ya mifugo, dawa ya kupe, hata maji ya bomba. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, ambazo ni sawa na kilo 60 hivi za majani mabichi, na akiwa anakamuliwa anaweza kunywa lita 60 za maji au zaidi. Kwa mwaka, chakula hicho kikavu kinapita tani nne. Anayenunua tani nne za kitu chochote kila mwaka ni mfanyabiashara, apende asipende, na inafaa anunue kama mfanyabiashara.

Hesabu inayopuuzwa kuliko zote ni ile ya idadi ya ng'ombe. Mnyama hula kwanza ili aishi. Kinachobaki ndicho hugeuka maziwa. Kwa ng'ombe wa uzito huo, nguvu inayohitajika kumweka hai tu, bila kutoa hata kikombe, inakaribia ile ya kutengeneza lita tisa au kumi za maziwa. Chakula kinachomwezesha ng'ombe mmoja kutoa lita kumi kikigawanywa kwa wawili, wote wataishi na hakuna atakayejaza chupa. Watakachotoa watakitoa kwenye miili yao, mpaka mbavu zihesabike. Hata hivyo, kaya nyingi zikipata fedha kidogo huongeza ng'ombe kabla ya kuongeza chakula. Zina hoja: ng'ombe ni akiba, huuzwa siku ya ada ya shule au ya hospitali. Hoja hiyo ni ya kweli kwa ng'ombe wa malishoni anayejitafutia. Ng'ombe wa bandani ni akiba inayodai malipo kila siku, na mwenye kutaka akiba ana SACCOS na VICOBA zisizokula pumba.

Tuingie sokoni sasa. Pumba za mahindi huuzwa kwa debe au kwa gunia, na gunia ni kipimo cha ujazo. Pumba laini zenye chenga hujaa zikiwa nzito. Pumba nyepesi, au zilizochanganywa na maganda ya mpunga yaliyosagwa, hujaza gunia lile lile kwa uzito mdogo na lishe duni zaidi. Gunia la bei ya chini linaweza kuwa ghali kwa kilo kuliko la jirani yake, na ghali zaidi kwa lita ya maziwa. Mashudu ya alizeti, ambayo kwa wingi hutoka Singida na Dodoma, yanaonekana ghali ukiyaweka kando ya pumba, lakini yana protini mara mbili au zaidi, na protini ndiyo inayokosekana kwenye mabua. Anayelisha mabua makavu na pumba peke yake, akijivunia kwamba amebana matumizi, kwa kweli ananunua chakula cha kushibisha tumbo la ng'ombe bila kukamilisha kinachohitajika kwenye kiwele. Molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC, kule Arusha Chini, humfanya ng'ombe ale mabua aliyoyakataa, ila haijazi pengo la protini. Halafu kuna pumba zilizopata unyevu na kuota ukungu, ambazo huuzwa kwa punguzo. Sumukuvu iliyomo hupita kwenye maziwa mpaka kwa mtoto anayeyanywa, na waliosikia habari za Dodoma na Manyara mwaka 2016, ambako sumu hiyo iliua watu waliokula mahindi yenye ukungu, hawahitaji kuambiwa zaidi. Punguzo hilo likataliwe.

Wakati wa kununua una uzito sawa na kipimo. Mahindi ya masika huvunwa tambarare kuanzia Julai, na wiki hizo mabua ni mengi kiasi kwamba mengine huchomwa au huachiwa mifugo ya wapita njia. Mpunga wa skimu ya Lower Moshi nao huacha mabua. Mashudu hujaa viwanda vya mafuta vinapokamua alizeti mpya katikati ya mwaka. Ifikapo Januari na Februari, jua likiwa kali na majani yamekauka, mfugaji aliyekuwa akinunua mzigo wa bodaboda leo kwa ajili ya leo hulipa bei anayopangiwa. Pingamizi la kwanza hapa ni fedha: nani ana za kununua mabua ya miezi sita kwa mkupuo? La pili ni nafasi: kiwanja cha mjini hakina ghala. Yote mawili ni mazito, ila hayana uzito unaodaiwa. Mabua yaliyokatwakatwa na kushindiliwa kwenye boksi la mbao, kisha kufungwa kamba, huchukua sehemu ndogo ya nafasi ya yale yaliyorundikwa, na ng'ombe hutupa machache. Ya fedha ni magumu zaidi, na hayamalizwi na kaya moja. Wafugaji watano wakikodi lori moja, gharama ya usafiri kwa kila mzigo hushuka. Mashudu wasinunue ya mwaka mzima, kwa kuwa yana mafuta na huchacha. Ya miezi miwili au mitatu yanatosha.

Wapo watakaosema kwamba majani ya kukata kandokando ya mifereji na barabara ni ya bure, na kazi za nyumbani hazina gharama. Hilo ndilo kosa la hesabu lililozoeleka kupita yote, na wanaolilipa ni akina mama na vijana. Saa tatu za kukata na kubeba majani ni saa tatu zisizofanya kingine, na mzigo wenyewe unaweza kuja na kupe wa ndigana kali na vipande vya plastiki, vilivyobaki hata baada ya mifuko kupigwa marufuku Juni 2019. Zaidi ya hapo, kazi yenye tija kubwa bandani haimtoi mtu jasho: ni kutazama. Ng'ombe huingia kwenye joto kila siku 21 hivi, na dalili hudumu chini ya siku moja. Kaya iliyochoka kwa kubeba majani huzikosa, kisha hulisha wiki tatu nyingine bila mimba. Mbegu bora zipo karibu, Usa River, kilipo kituo cha taifa cha uhimilishaji. Kinachokosekana ni jicho la saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mantiki hiyo hiyo samadi isihesabiwe uchafu. Pale mbolea ya dukani ilipopanda bei hadi serikali ikaanza kutoa ruzuku Agosti 2022, lundo la nyuma ya banda lilikuwa bidhaa inayotafutwa na wenye migomba huko juu.

Limebaki pingamizi la wenye kusema kwamba bei ya maziwa ikiboreshwa, haya yote ni madogo. Wilayani Hai, wanawake wa Nronga walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, wakathibitisha kwamba wauzaji wakikusanyika husikilizwa. Lakini bei ikipanda Moshi, wauza pumba na majani hawatakaa miezi mingi kabla ya kuifuata. Na mkoa huu una somo la zamani: vyama vya kahawa, kuanzia KNPA ya 1925 hadi KNCU ya 1933, havikuishia kuuza; viliwatafutia wanachama pembejeo pia. Vikundi vya wafugaji wa mjini vimerithi nusu ya kazi hiyo, ile ya kuuza, na kuiacha kila kaya inunue peke yake dirishani kwa muuza chakula cha mifugo. Kikundi kinachoweza kukusanya maziwa saa kumi na mbili asubuhi hakishindwi kukusanya fedha za mabua mwezi Juni.

Kwa mfugaji wa Shirimatunda anayefikiria ng'ombe wa pili, ushauri ni huu: amlishe wa kwanza kikamilifu kwa msimu mmoja, aandike lita, na gunia lijalo la pumba alipime kwenye mizani kabla ya kulipa.