Sindano Shavuni: Hatari Adimu za Tiba ya Maumivu ya Uso

Miongoni mwa maumivu makali yampatayo binadamu ni yale ya neva ya tano ya fuvu, ipelekayo hisi za uso kwenye ubongo. Mgonjwa huhisi kama amepigwa na umeme shavuni au kwenye taya, kwa sekunde chache au hata dakika mbili. Kunawa uso, kutafuna, hata upepo mwanana, hutosha kuyaamsha. Dawa zikishindwa, na mgonjwa asipoweza kustahimili kupasuliwa fuvu, daktari huweza kutumia sindano.

Sindano hiyo ndefu huchomwa kiasi cha sentimita 2.5 kando ya pembe ya mdomo, ikaongozwa kwa eksirei hadi kwenye tundu lenye umbo la yai, chini ya fuvu. Juu ya tundu hilo limo fundo la neva. Fundo huunguzwa kwa joto, njia iliyoelezwa na Sweet na Wepsic mwaka 1974. Au hutiwa giliserini. Au hubanwa kwa kiputo, kama walivyoeleza Mullan na Lichtor wa Chicago mwaka 1983. Shabaha ni moja: kuziharibu kidogo nyuzi za neva.

Neno “kidogo” ndilo lenye mashaka. Tawi la kwanza la neva hii hulinda jicho. Likiharibiwa, konea hufa ganzi. Vumbi likiingia, kope hazipepesi. Kidonda hutokea bila mgonjwa kujua, kwa kuwa haumwi, na jicho laweza kupofuka. Kwa hiyo, kabla ya kuunguza, daktari humwamsha mgonjwa, akapitisha umeme hafifu na kumwuliza anauhisi wapi.

Hata moyo huguswa. Kiputo kinapojazwa, mapigo huweza kupungua ghafla, pengine kusimama kwa sekunde kadhaa. Jambo hili si geni kwa mwanafunzi wa bayolojia: azamishaye uso katika maji baridi hupungukiwa na mapigo kwa njia iyo hiyo, yaani neva ya tano hadi shina la ubongo, kisha neva ya kumi hadi moyoni. Ndiyo sababu atropini huwekwa tayari.

Lililo zito zaidi, ingawa huwapata wachache sana, ni ganzi yenye maumivu. Uso ukiguswa hauhisi kitu, lakini mgonjwa huungua mchana na usiku. Dawa humsaidia kwa shida, na kuchoma sindano mara ya pili huweza kumzidishia.